Mzee Mwenye Pembe

Bizimu nililooneshwa Musoma, katika nyumba inayotazama ziwa, lilikuwa dogo kama kifungo cha koti, na juu ya tabaka lake la rangi ya chungwa bivu alikuwa amechongwa, kwa weupe ulioinuka, mwanamke aliyetazama upande, ambaye mama mwenye mali, aliyelirithi kwa wazazi wake, alizoea tangu utoto kumwita Malkia. Nililisogeza dirishani. Nyweleni mwake mlikuwamo majani ya mzabibu na kichala kilichoning'inia nyuma ya sikio, kila zabibu ndogo kuliko punje ya ulezi, nami sikuhitaji dalili nyingine: huyu alikuwa mmoja wa wanawake wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo katika hekaya za Warumi.

Mafundi wa kameo, yaani michongo ya namna hii, kwa kuwa waliwachonga miungu wao karibu wote kwa pua moja iliyonyooka na shingo moja ndefu, walimwachia mtazamaji alama: kofia ya vita ya Athena, ngozi ya simba kichwani mwa Hercules, hilali katika paji la Diana, nyoka nyweleni mwa Medusa, kikombe cha Hebe anayemnywesha tai. Rangi nayo ni shahidi, kwani chungwa lile hutoka katika kombe kubwa la miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambalo wachongaji wa Torre del Greco, huko Italia, hulikata vipande, wakakibandika kila kipande juu ya kijiti kwa lami, kisha wakaukwangua weupe wa juu taratibu hadi wekundu wa chini ubaki kuwa usuli wa sura.

Jirani na mji huo, katika makumbusho ya Naples, limo bakuli la akiki liitwalo la Farnese, lenye upana wa sentimita 20 hivi, kazi ya Misri ya zama za wafalme akina Ptolemy, ambalo mlinzi mmoja alilivunja mwaka 1925 nalo likaungwa tena. Chini yake yumo Medusa. Ndani wamo watu saba, na miongoni mwao mzee mwenye ndevu aliyeshika pembe ya neema, na mwanamke aliyeegemea sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, ile ya Misri. Mwanazuoni Ennio Quirino Visconti alimtambua mzee huyo kuwa ni Nile, na mwanamke kuwa ni mungu wa kike Isis. Wengine wamepinga, lakini mimi naiona hoja ya Visconti kuwa na nguvu, maana pembe ile na mnyama yule, vikiwekwa pamoja, vinausema mto ulioishibisha Misri.

Na mto huo ni jamaa yetu, kwa kuwa hutoka katika ziwa letu hili la Musoma. Maji ya mto Mara, yatokayo milima ya Mau, yakiisha kupita Serengeti hupenya chini ya daraja la Kirumi, jina lililofanana na la Warumi kwa sadfa tu, yakaingia ziwani karibu na Musoma. Na mto Grumeti huyapeleka yake, kupitia nchi ya Bunda, katika ghuba iliyopewa jina la Speke. Ni haki kukiri kwamba gharika ya Misri ililetwa na mvua za Uhabeshi. Lakini wakati wa kiangazi ni maziwa yetu yaliyozuia mto usidhoofike. Wazungu hawakuyajua hayo, hata mchongaji Bernini, alipoibuni sanamu ya Nile katika chemchemi ya Rumi iliyokamilika mwaka 1651, aliifunika kichwa kwa nguo, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa hakijulikani. Karne tatu baadaye, tarehe 4 Julai 1962, Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba wa 1929 juu ya maji hayo, msimamo ambao ulimwengu wa sheria umeuita kwa jina la Nyerere, mwana wa Butiama.

Mama mwenye bizimu alisikiliza yote kwa subira, kisha akauliza yule mzee wa bakuli ameketi upande gani. Nikamwambia kushoto, ameegemea mti, na pembe iko mkononi mwake.