Vyombo vya Enzi na Watunzaji Wake Katika Usukuma

Katika kurasa za namna hii huandikwa mara nyingi habari za methali, za majina, na za desturi za ndoa na mazishi. Habari za vitu huandikwa kwa nadra. Lakini vitu navyo vina maneno yake. Ngoma, kiti, bangili ya pembe na ngozi ya simba hueleza mambo ya kale kwa wale wajuao kuvisoma. Naye asiyejua aviona kuwa mbao na ngozi tu. Twataka leo kueleza kwa ufupi habari za vyombo vya enzi katika nchi ya Wasukuma, toka Shinyanga na Kahama hata kufikia milima ya dhahabu ya Geita, na jinsi vilivyokusanywa na kutunzwa. Kisha tutauliza swali moja lililo zito: chombo cha heshima ni cha nani, ikiwa yule aliyekaa juu ya kiti hatawali tena?

Tuanze na maneno. Wasukuma, kama jirani zao Wanyamwezi, humwita mtawala ntemi, na wakiwa wengi, batemi. Jina hili latoka katika kutema, yaani kukata. Msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, maana nasi husema kutema kuni. Wazee wengine hueleza kwamba ntemi wa kwanza ndiye aliyekata msitu akafungua nchi. Wengine husema kwamba ntemi ni mwenye kukata mashauri. Maelezo haya mawili hayapingani sana, kwa kuwa aliyefungua nchi ndiye aliyeamua magomvi ya watu waliomfuata. Makao ya ntemi huitwa ikulu. Neno hili limesafiri mbali, hata leo kila mtu wa Tanzania hulitumia kwa nyumba ya Rais, wala wengi hawakumbuki kwamba lilikuwa neno la bara. Tena wazee waliomshauri ntemi, na kumchagua aliyemfuata, waliitwa banang'oma, yaani wana wa ngoma. Angalieni, hawakuitwa wana wa mtu, bali wana wa ngoma. Ndani ya neno hilo moja imo hoja yetu yote, nasi tutairudia.

Zamani nchi ya Wasukuma ilikuwa na tawala nyingi ndogo ndogo, yapata hamsini, kila moja na ntemi wake, na kila moja na vyombo vyake. Kwanza zilikuwako ngoma, ambazo hazikupigwa ovyo. Zilikuwa sauti ya enzi yenyewe. Kilikuwako kiti. Zilikuwako ngozi za simba na chui, maana wanyama hawa walikuwa haki ya ntemi, na aliyemwua mmoja wao alipeleka ngozi ikulu. Zilikuwako bangili za pembe ya ndovu. Tena kilikuwako kipande cha duara, cheupe, kilichokatwa katika kombe la konokono wa baharini. Kitu hiki kidogo chapasa kutufikirisha. Kombe lile lilitoka pwani ya Bahari ya Hindi, likapanda mkononi mwa wachukuzi katika njia ndefu ya misafara, likafika nchi ambako watu wengi hawakuona bahari maisha yao yote, nalo likawa alama ya utawala. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba vyombo vya enzi ni vitu vya watu waliofungiwa mahali pamoja. Upande wa magharibi pia, katika Uzinza, Warongo walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma, na kazi ya mikono yao ilijulikana na jirani zao.

Pamoja na vyombo vya ikulu viko vitu vya jamaa, ambavyo Wasukuma huviita shitongelejo: vitu vya urithi ambavyo kwavyo watu huwakumbuka wahenga wao na kuwaheshimu. Kitu hicho chaweza kuwa bangili, au mkuki, au kigoda. Machoni pa mgeni hakina thamani. Machoni pa mwenye nyumba ni sawa na kitabu cha vizazi.

Basi, vyombo hivi vilipatwa na misukosuko mingi. Serikali za wageni, Wadachi na baadaye Waingereza, ziliwaacha batemi katika viti vyao, lakini ziliwafanya kuwa watumishi wa boma. Vijana wao walisoma shule. Mmoja, Kidaha Makwaia wa Usiha katika Shinyanga, akawa mwaka 1945 mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Siku ile ngoma zilibaki, lakini kazi yake ilikwisha. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa Shinyanga walihamishwa toka maboma yao ya kale wakakusanywa vijijini, na mara nyingi mtu ahamaye kwa haraka huchukua chungu na jembe kwanza. Nako katika machimbo, tangu dhahabu ya Geita ianze kuchimbwa kwa mitambo katika miaka ya 1930 na almasi ya Mwadui kugunduliwa mwaka 1940, watu wa makabila mengi wameingia na kutoka. Hivyo kitu kilichokuwa na walinzi mia kikajikuta na mlinzi mmoja, mzee, aliyekiweka darini.

Haitupasi kuwalaumu wengine tukajisahau. Walimu na mapadre wa zamani, si wote, lakini wengi, waliagiza vitu vya wahenga vichomwe au vitupwe, wasiulize vilikuwa vya nini. Chombo cha mganga, alama ya mtawala na ukumbusho wa babu vilitiwa katika moto mmoja. Wengine nao walivichukua badala ya kuvichoma. Mchungaji John Roscoe, aliyekuwa mmisionari katika Uganda, alipeleka vyombo vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, katika nyumba ya makumbusho ya Cambridge, Uingereza. Vilikaa huko miaka zaidi ya hamsini, vikarudishwa Uganda mwaka 1962, wakati wa uhuru. Hapana shaka Roscoe aliandika mengi yenye faida, na bila yeye tungalijua machache. Lakini Waganda ndio waliongoja. Wapokomo wa mto Tana wangali wakingoja: ngoma yao kuu, ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, ikapewa British Museum mwaka 1908.

Majina ya nyumba zinazotunza vitu hivi nayo yafaa kulinganishwa. Nyumba ya Kampala ilipoanzishwa mwaka 1908, watu waliiita Enyumba ya Mayembe. Mayembe ni neno moja na pembe zetu, nazo ni pembe za uganga. Maana yake waliona kwamba Wazungu wamejenga nyumba ya kufungia nguvu za watu. Kiswahili kimechagua neno jingine, makumbusho, yaani mahali pa kukumbusha. Neno ni zuri, lakini lina swali ndani yake: yakumbusha nani? Kitu kilicho mbali na watu wake humfurahisha mgeni, hakimkumbushi mtu.

Kwa sababu hiyo habari za Bujora zastahili kusimuliwa. Bujora ipo Kisesa, karibu na Mwanza. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikusanya pamoja naye wazee na waimbaji, wakachunguza nyimbo, desturi na vyombo vya Wasukuma. Kanisa lilijengwa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kando yake yakakua makumbusho, na mojawapo ya majengo yake lilifanywa kwa umbo la kiti cha ntemi. Ndani yake zikawekwa ngoma na vyombo vya tawala mbalimbali. Na kila mwaka, kwa sikukuu ya Mwili wa Bwana, hufanyika Bulabo, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati wa watu. Padre Clement alifariki mwaka 1986, lakini kazi haikufa naye, kwa kuwa haikuwa yake peke yake. Tofauti kati ya Bujora na Cambridge si wema wa mtu na ubaya wa mtu. Tofauti ni hii, kwamba Bujora mjukuu wa banang'oma aweza kwenda kwa miguu akaiona ngoma ya babu yake, tena akacheza nje ya mlango.

Kwa msaada wa fikira zetu tutazame watu wengine waliokusanya vyombo vyao vya heshima katika shida, nao ni Wayahudi. Wasomaji wetu wajua habari za Bezaleli, fundi wa hema. Na chuo cha sanaa kilichoanzishwa Yerusalemu mwaka 1906 kilipewa jina lake, nacho kilifuma mazulia yanayotafutwa sana leo na wakusanyaji. Wajua pia kwamba Nebukadreza alivichukua vyombo vya hekalu, kwamba Belshaza alivinywea divai, na kwamba Koreshi alivitoa akavihesabu kimoja kimoja mbele ya Sheshbaza. Angalieni kwamba kitabu cha Ezra hakisemi tu vilirudi, chataja hesabu.

Katika zama zetu, Wayahudi wa mji wa Danzig, walipoona utawala wa Wanazi umewafunga pande zote, walifungasha mapazia ya sinagogi, mataji ya Torati, vikombe na taa zao katika makasha 10, wakavipeleka New York mwaka 1939. Sinagogi lao kubwa lilibomolewa mwaka ule ule. Lakini waliweka sharti: ikiwa baada ya miaka 15 watakuwako tena Wayahudi huru na salama katika Danzig, vitu virudi, la sivyo, vibaki Marekani kwa mafundisho. Haikuwako jumuiya ya kuvirudia, navyo vipo New York hata leo. Vivyo hivyo hati 1,564 za Torati, zilizotoka katika miji ya Bohemia na Moravia ambayo watu wake wengi waliuawa, zilipelekwa London mwaka 1964. Hizi haziuzwi, huazimwa kwa makusanyiko mbalimbali ya dunia. Watu hawa walikuwa na kila sababu ya kukata tamaa, lakini waliandika kitu kilitoka wapi, ni cha nani, na kwa sharti gani.

Tena sheria yao hupambanua vitu vya utakatifu na vitu vya matumizi ya ibada. Vile vya kwanza, vikichakaa, huzikwa au kuwekwa kando kwa heshima. Vile vya pili, kazi yake ikiisha, vyaweza kutupwa. Nasi twahitaji upambanuzi wa namna hiyo. Bangili ambayo mtu aliinunua sokoni ni mali yake. Ngoma ya enzi si mali ya mtu, ni mali ya kiti, na kiti ni cha nchi. Hapa ndipo neno banang'oma latufundisha. Zaidi ya hayo, katika tawala nyingi za Wasukuma zamani aliyerithi hakuwa mwana wa ntemi, bali mwana wa dada au wa binti wa ukoo. Mkusanyaji asiyejua hayo humwendea mwana wa ntemi wa mwisho, humpa fedha, na huondoka akidhani amenunua kwa haki. Kumbe amenunua kwa mtu asiye mwenyewe, na jamaa nzima imeibiwa kwa risiti.

Haya si mambo ya zamani tu. Wanunuzi wa vitu vya kale hupita, navyo vigoda na sanamu za Wasukuma na Wanyamwezi huuzwa Ulaya kwa bei ambayo mwuzaji wa kwanza hakuiota. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria haikai darini pamoja na ngoma. Aliye karibu na ile ngoma ni mwalimu, katekista na padre wa mahali.

Basi twawasihi wasomaji wetu mambo manne. Kwanza, ukionyeshwa kitu, andika jina lake kwa lugha ya wenyewe, na jina la aliyekuambia. Pili, uliza ni cha mtu au ni cha kiti. Na kama ni cha kiti, waite wazee wa pande zote mbili za ukoo kabla hakijatoka mlangoni. Tatu, kikienda makumbusho, sharti liandikwe: kimetolewa, au kimewekwa amana, na nani aweza kukidai. Nne, kisifungiwe mbali na watu hata kwa siku za ngoma zao.

Huenda mwingine atasema kwamba kazi ya mwalimu na ya padre si kulinda ngoma za batemi. Twajibu kwamba baba zetu katika kazi hii waliingilia mambo ya ngoma hizo siku walipoagiza zichomwe. Hatuwezi leo kusema hayatuhusu. Zilizochomwa hazirudi, zilizosalia zina wenyewe, na wengi wao ni wazee sana. Mwenye daftari na kalamu aende sasa.