Leseni ya Kufunga King'ora: Miaka 20 ya Kesi ya Wakimbizi Afrika Kusini

Tarehe 12 Desemba 2006, majaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini walitoa hukumu ambayo hata wao wenyewe hawakukubaliana juu yake. Swali lilikuwa moja: je, mkimbizi mwenye hati halali ana haki ya kusajiliwa kufanya kazi ya ulinzi binafsi sawa na raia? Desemba 2026 hukumu hiyo inatimiza miaka 20.

Kwa juu juu ni kesi ya mabawabu. Kwa hakika inawagusa wengi zaidi. Sheria iliyobishaniwa, Sheria namba 56 ya mwaka 2001, inamshika pia fundi anayepanda ngazi kufunga sensa juu ya mlango wa sebule, anayevuta nyaya za kamera hadi getini, na hata fundi wa makufuli. Kufunga, kuhudumia au kutengeneza vifaa vya usalama ni kazi ya ulinzi mbele ya sheria hiyo, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya kwa malipo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1980 serikali ya makaburu iliwatwisha wenye viwanda na mitambo nyeti gharama za kujilinda. Katikati ya muongo huo polisi walielekezwa kuzima maandamano katika vitongoji vya Waafrika, na vitongoji vya Wazungu vikajaa kuta ndefu, ving'ora na vibao vya kuonya kwamba wenye silaha watafika. Sheria ya kwanza ya sekta hiyo ilitungwa mwaka 1987, ikaunda bodi ya kuwasimamia walinzi. Ubaguzi ulipoanguka mwaka 1994, askari na polisi wengi wa zamani walihamia kwenye kampuni za ulinzi wakiwa na ujuzi wao, na baadhi yao wakiwa na historia ambayo serikali mpya ilikuwa na kila sababu ya kuihofia.

Hofu hiyo imeandikwa waziwazi katika kifungu cha 23 cha sheria ya 2001. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na akili timamu, awe amepata mafunzo yaliyowekwa, na asiwe amepatikana na hatia ya makosa yaliyoorodheshwa ndani ya miaka 10 iliyotangulia. Atoe alama za vidole. Kama aliwahi kutumikia jeshi, polisi au idara ya ujasusi, iwe nchini au nje, alete cheti cha kumsafisha. Sharti linalotangulia yote hayo ndilo lililozua kesi: awe raia, au mkaazi wa kudumu.

Kwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Durban, sharti hilo halikuwa jambo la vitabuni. Kulinda magari na kusimama getini ni miongoni mwa kazi chache zilizompokea mgeni asiye na mtaji wala shahada inayotambulika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilikuwa imewapa haki ya kutafuta kazi. Sasa mamlaka ya usajili ikawaambia kwamba kazi hii si yao.

Umoja wa Wanawake Wakimbizi, pamoja na wakimbizi wengine, ukaishtaki mamlaka hiyo. Mwaka wa hukumu haukuwa mzuri kwa hoja yao. Mgomo wa walinzi wa mwaka 2006 ulidumu takriban miezi mitatu na kuua watu, wengine wakitupwa nje ya treni zikiwa kwenye mwendo. Sekta nzima ilikuwa ikitazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Jaji Kondile, akiwaandikia walio wengi, alisema ulinzi ni kazi ya kuaminiana, na nyendo za raia au mkaazi wa kudumu zinaweza kuchunguzwa kwa urahisi kuliko za mtu aliyekimbia nchi yake. Wakimbizi, alisema, hawakufungiwa kazi nyingine, na baada ya miaka mitano waliweza, wakati huo, kuomba ukaazi wa kudumu. Kisha kuna mlango mdogo: kifungu cha 23(6) kinaipa mamlaka uwezo wa kumsajili mwombaji yeyote akionyesha sababu ya msingi.

Majaji Mokgoro na O'Regan walipinga, na mantiki yao ndiyo inayomnasa msomaji wa hukumu hiyo hadi leo. Mkaazi wa kudumu naye ni mgeni. Naye ametoka nchi nyingine, na nyendo zake za huko ni ngumu kuchunguza vilevile. Kwa nini basi aaminiwe yeye na mkimbizi ashukiwe? Kwao huo ulikuwa ubaguzi usio wa haki dhidi ya watu ambao tayari hawana mtetezi.

Albie Sachs alisimama katikati. Huyu ni jaji aliyeishi uhamishoni, na mwaka 1988 alipoteza mkono kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake mjini Maputo. Alikubaliana na matokeo ya walio wengi, ila akasisitiza kwamba mlango ule mdogo usomwe pamoja na sheria za wakimbizi, ili uwasaidie kweli. Mtu angetarajia zaidi kutoka kwake, lakini kura yake ilibaki upande ule.

Hivyo wakimbizi wakashindwa, na kinachobaki ni jinsi leseni hii inavyoegemea karatasi za mwombaji kuliko mikono yake. Umakini wa kufunga sensa, kufichwa kwa waya, betri ya akiba umeme unapokatika: hayo yameachwa kwa kiasi kikubwa kwa kampuni za bima na chama cha wafunga ving'ora, SAIDSA. Mwenye nyumba anayeibiwa kwa sababu king'ora hakikulia hawezi kufarijiwa na uraia wa fundi.

Ugomvi wa pili ulihusu uraia vilevile, safari hii wa mitaji. Mswada wa mwaka 2012 ulitaka asilimia 51 ya kila kampuni ya ulinzi imilikiwe na Waafrika Kusini, na kampuni za kigeni kama ADT na G4S zikapinga vikali. Bunge liliupitisha mwaka 2014, Rais Zuma akauacha bila saini, na Ramaphosa akausaini mwaka 2021. Kabla ya saini hiyo, mwaka 2017, ADT ya Afrika Kusini ilikuwa imeshanunuliwa na Fidelity, kampuni ya huko huko.

Kenya nayo ilitunga sheria yake ya ulinzi binafsi mwaka 2016 na kuunda mamlaka ya usajili, lakini mjadala wa hadharani umetawaliwa na mishahara ya mabawabu na vitambulisho vinavyoshikwa mapokezi. Fundi hasikiki. Kamera na ving'ora vinauzwa Luthuli Avenue mjini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na mnunuzi hupewa namba ya simu ya kijana wa kuja kuvifunga. Ni wachache wanaomwomba cheti kabla ya kumwonyesha dirisha la chumba cha kulala na kumwachia aweke namba ya siri ya kwanza.