Tumbawe la Baharini na Tumbawe la Ukutani

Safari yetu ilikuwa ya kupiga mbizi. Mimi na wenzangu watatu tulifikia Utende, kisiwani Mafia, ili tuzamie katika ghuba ya Chole na kwenye mlango wa Kinasi, ambapo maji ya bahari kuu huingia na kutoka kwa nguvu kila yanapojaa na kupwa. Siku ya tatu sikio liliniuma, nikashauriwa nisishuke majini. Wenzangu wakapakia mitungi yao ya hewa. Mimi nikapanda mashua ya abiria kwenda kisiwa kidogo cha Chole, nikakizunguka kwa miguu.

Asiye na haraka hukimaliza Chole kwa asubuhi moja. Njia zake hupita chini ya mibuyu na miembe, na popo wakubwa hulala wakining'inia mitini. Karibu na pwani yapo magofu ambayo mizizi ya miti na mimea mingine imeyakumbatia hata hujui kama mti unaubomoa ukuta au unauzuia usianguke.

Historia ya mji huu inaanzia ng'ambo, kisiwani Juani. Mji wa Kua ulipoangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, Chole ikawa makao ya watawala na matajiri chini ya usultani wa Zanzibar. Mashamba yao ya minazi yalikuwa kisiwani Mafia, na waliyoyalima walikuwa watumwa. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba; Zanzibar ikawekwa chini ya Waingereza, Mafia ikaangukia kwa Wajerumani. Wakazi hawakuulizwa. Wajerumani waliweka utawala wao Chole hadi 1913, walipouhamishia Kilindoni, na mji ukaanza kufa.

Kwenye gofu moja nilimkuta mzee akisuka kamba.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza nyumba ile ilikuwa ya nani. Akanitajia ukoo wa mwenyewe pasipo kusita. Nikamwuliza ni nani walioijenga. Akatabasamu, akasema, "Matajiri hawabebi mawe." Kisha akaendelea na kamba yake.

Jibu lile ndilo lililonifanya niandike. Mawe ya kuta hizo ni ya matumbawe, na chokaa yake imechomwa kutokana na matumbawe. Kuna watu walioyachimba, wakayabeba na kuyachoma. Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa. Uliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia 1906 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo wapo Watanzania walio hai ambao babu zao walizaliwa katika hali hiyo. Majina ya mabwana yanakumbukwa. Ya wabebaji wa mawe hayatajwi, pengine kwa aibu, pengine kwa hekima ya majirani wanaolazimika kuishi pamoja.

Tazama sasa sheria zetu. Tumbawe lililo baharini hapa linalindwa na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hilo ni jema, hasa tukikumbuka madhara ya uvuvi wa baruti. Lakini tumbawe hilohilo likiwa ukutani linategemea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la wakati wa Wajerumani halimo, ila Waziri akilitangaza. Mwaka uliowekwa na watunga sheria umeuacha nje ukoloni wenyewe, pamoja na miaka ya mwisho ya utumwa.

Sidai kila gofu lifanywe jumba la makumbusho. Nadai mambo mawili. Mamlaka ya kutangaza majengo haya yapo mikononi mwa serikali, yatumike. Na wanafunzi wetu wa historia waende Chole wakae na wazee, wawasikilize kwa adabu, wakiuliza sio tu nyumba ni ya nani, bali nani aliijenga.

Jioni wenzangu walirudi wakisimulia samaki waliowaona. Waliponiuliza nimeona nini, niliwaambia nimeona matumbawe.