Tani 10 za kahawa kwa dozi ya mwaka mmoja

Mwaka 2001 mkulima wa kahawa wa Igamba, wilayani Mbozi, alikuwa na kila sababu ya kung'oa mibuni akapanda mahindi. Wastani wa bei ya dunia, ule unaotolewa na Shirika la Kahawa la Kimataifa, ulikuwa senti 45 na ushei za Marekani kwa ratili. Hiyo ni kama dola 1 kwa kilo, tena ni bei ya sokoni ughaibuni. Mpaka ifike huku Mbozi ilikuwa imeshapita mikono mingi, na kila mkono ulibaki na chake. Miaka hiyohiyo, dozi ya mwaka ya dawa tatu za kufubaza virusi vya ukimwi, zenye majina ya kampuni zilizozimiliki, ilikuwa dola 10,000 na zaidi. Mgonjwa mmoja, mwaka mmoja, tani 10 za kahawa safi. Mwenye shamba la ekari mbili angevuna miaka na miaka asifike, na dawa ni ya kila mwaka.

Leo mtu wa Igamba anakwenda kliniki ya tiba na matunzo, anapewa kopo la vidonge na haulizwi hela. Wanaolilipia hulipa chini ya dola 45 kwa mwaka. Ukitaka kujua bei ilishukaje namna hiyo, anza na kitu kimoja ambacho wagonjwa hawajawahi kukiona: hataza.

Hataza ni ruhusa ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichovumbua, kwa miaka 20 tangu alipoiomba, kwa kipimo cha kimataifa cha sasa. Ikiisha, kila kiwanda kinaruhusiwa kuingia sokoni na dawa ileile bila jina la biashara, inayoitwa jeneriki. Hapo bei huporomoka. Lakini ugomvi mkubwa haukuwa juu ya miaka tu. Ulikuwa juu ya mipaka: hataza inafunika nini hasa, na inafika nchi gani.

AZT, dawa ya kwanza ya ukimwi, ni mfano mzuri. Jerome Horwitz aliitengeneza Detroit mwaka 1964 akitafuta tiba ya saratani. Ikashindwa, akaiweka kando bila kuiombea hataza. Miaka 20 baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome iligundua kwamba inazuia virusi vya ukimwi. Dawa yenyewe haikuwa mpya tena, kwa hiyo kampuni ikaombea hataza matumizi yake: kuitumia kutibu ugonjwa huu. Mwaka 1987 Marekani ikaidhinisha, na bei ikatangazwa ya maelfu ya dola kwa mwaka. Hataza hiyo ilidumu huko hadi 2005. Yaani kitu kilichotupwa kabatini na mwenyewe kiliweza kufungiwa tena mlango kwa sababu tu kilipatiwa kazi nyingine. Wanasheria wanaona hilo ni jambo la kawaida. Mimi bado linanishangaza.

Huku kwetu ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ambako watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Nyanda za Juu Kusini uliingia kwa njia kuu ya TANZAM, kwa malori yanayolala foleni Tunduma yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta asilimia 13.5 ya watu wazima wa Mkoa wa Mbeya wana virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa Bara ulikuwa asilimia 7. Igamba ilihesabiwa humo. Mkoa wake wa sasa, Songwe, ulikuja kuanzishwa mwaka 2016.

Mlango wa dawa nafuu ulifunguliwa India, na ulifunguliwa kwa sababu ambazo hazikuhusu ukimwi hata kidogo. Serikali ya Indira Gandhi ilipitisha mwaka 1970 sheria ya hataza iliyosema kwamba dawa yenyewe haiwezi kumilikiwa. Kinachoweza kumilikiwa ni njia ya kuitengeneza. Ukipata njia nyingine ya kufika palepale, umefika. Sheria ilianza kazi 1972, na kwa miaka 30 wakemia wa Kihindi wakawa mabingwa wa njia nyingine.

Mmoja wao ni Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, iliyoanzishwa na baba yake Bombay mwaka 1935. Septemba 2000 alipewa dakika chache za kuzungumza kwenye mkutano wa Tume ya Ulaya, Brussels, akasema anaweza kuuza dawa tatu kwa dola 800 kwa mwaka. Ukumbini hakuna aliyempokea kwa pupa. Februari 2001 akashusha zaidi: dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Kwa mizani ya Igamba, tani 10 zimekuwa kilo 350, magunia yasiyofika sita.

Bei ndiyo iliyopata vichwa vya habari, ila kidonge chenyewe kilikuwa na jambo kubwa zaidi. Kiliitwa Triomune, na ndani yake mlikuwa na stavudine, lamivudine na nevirapine. Kule kwenye hataza, kila moja ya dawa hizo ilikuwa na kampuni yake: Bristol-Myers Squibb, GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim. Hakuna kati yao aliyeweza kuchanganya cha mwenzake bila ruhusa, kwa hiyo mgonjwa wa Ulaya alipewa makopo matatu. India hapakuwa na mwenye dawa, basi zikasagwa pamoja: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kwa mtu wa shamba, asiye na saa mkononi wala kabati lenye kufuli, kufuata dozi kukawa jambo linalowezekana. Nevirapine peke yake ingengoja hataza yake ya Marekani iishe mwaka 2012.

Aprili 2001 kampuni 39 zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya dawa nafuu zikaondoa kesi baada ya kelele za dunia nzima. Novemba mwaka huo, Doha, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kwamba mkataba wa hataza usizuie nchi kulinda afya ya watu wake, na kwamba nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, zisilazimike kulinda hataza za dawa hadi 2016. Muda huo umeongezwa hadi 2033.

Tanzania ilianza kugawa dawa bure Oktoba 2004, na mchanganyiko wa Triomune ndio ulikuwa dozi ya kwanza. Kwa muda kulikuwa na vichekesho: fedha za serikali na za Mfuko wa Dunia zilinunua jeneriki, huku fedha za Marekani zikinunua zenye majina tu, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoanza kuzipitisha za jeneriki mwaka 2005. Na tusiisifie dawa ile kupita kiasi. Stavudine iliwaacha watu na miguu inayowaka moto usiku na mashavu yaliyobonyea, kiasi cha jirani kumjua anayemeza dawa kwa kumtazama uso. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe.

Jirani zetu nao walipita njia zao. Uganda ilitumia ruhusa ileile ya nchi maskini: kiwanda cha Quality Chemicals, kwa ubia na Cipla, kilifunguliwa Luzira mwaka 2007. Kenya haimo kwenye kundi hilo, na sheria yake ya 2008 dhidi ya bidhaa bandia iliandikwa kwa maneno mapana mno hata jeneriki halali ingeweza kukamatwa kama feki. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki ya kuishi ya watu wenye virusi.

Mlango wa India wenyewe ulifungwa nusu Januari 2005, nchi hiyo ilipoanza kutoa hataza za dawa ili kutimiza masharti ya biashara ya dunia. Kwa hiyo dolutegravir, dawa iliyo katika kopo la leo na ambayo hataza yake iliombwa 2006, haikuweza kuigwa hivihivi. Ilipita kwa leseni: mwaka 2014 mwenye dawa alikubaliana na Hazina ya Hataza za Dawa iliyoko Geneva, viwanda vya India vikaruhusiwa kuitengeneza kwa nchi zilizotajwa kwenye orodha. Tanzania imo. Colombia haikuwamo, ikalazimika kutoa kibali cha lazima mwaka 2024 baada ya mvutano mrefu.

Kopo lenyewe ni la plastiki nyeupe. Ukilitikisa linalia kama njuga, ndiyo maana wengine husokomeza pamba ndani kabla ya kupanda bodaboda kurudi nyumbani. Pembeni, kwa herufi ndogo, limeandikwa lilikotengenezwa. Kwa wastani wa bei ya kahawa ya 2023, dozi ya mwaka ni kilo 12 na kitu.

Sasa inakuja lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Marekani bei yake ilitangazwa 2025 kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kwa kahawa ya mwaka huo, kama tani 4. Kampuni ya Gilead imetoa leseni kwa viwanda sita kwa ajili ya nchi 120, na viwili vya India vimeahidi kuiuza kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Kilo 6 hivi.