KDE 2013: nakala zilipokaribia kufutika zote

Leo historia tena, ila siyo Majimaji, ni ya kompyuta.

KDE ni mradi wa programu huria ulioanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996. Kufikia 2013 walikuwa na hazina za kodi kama 1,500, kazi ya miaka mingi ya watu wa kujitolea. Seva kuu ilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine.

Machi 2013 ile kompyuta mwenyeji ilizimwa ili iwekewe masahihisho ya usalama. Ilipowashwa, mfumo wa mafaili wa mashine pepe ukakutwa umeharibika.

Utasema, si kulikuwa na seva nyingine zenye nakala? Zilikuwepo, na hapo ndipo penye utamu wa historia hii. Hizo seva zilifuata kila kitu kutoka seva kuu, bila kukagua kama ni kizima. Orodha ya miradi ikaja mbovu, nazo zikatii: zikafuta hazina kibao zikidhani hazitakiwi tena!

Kilichowaokoa ni seva moja mpya iliyokutwa na nakala nzima. Bahati tu, jamani. Baada ya hapo wakabadili utaratibu wao wa kunakili.

Kwa hiyo chanzo ni kuharibika kwa mfumo wa mafaili, lakini kilichosambaza maafa ni utii wa nakala. Wewe mwenye tasnifu kwenye flashi inayojilinganisha na kompyuta yako, ukifuta huku na kule kunafutika. Weka nakala nyingine pembeni, isiyoguswa, halafu siku moja ifungue uone kama inasomeka.

Haya, tuonane kwenye semina.