Tarehe ya Ushahidi na Tarehe ya Mwanzo: Mjadala wa Chimbuko la Uhai Ukitazamwa kutoka Vuga, Usambara

1.0 Utangulizi

Swali la lini uhai ulianza duniani huachiwa wanajiolojia na wanabiolojia. Insha hii inalichukulia kuwa ni swali la kihistoria pia, kwa kuwa jibu lake linategemea tatizo ambalo kila mwanahistoria hulikabili: uhusiano kati ya tarehe ya ushahidi wa kwanza na tarehe ya tukio lenyewe. Vuga, iliyokuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi katika Usambara Magharibi, inafaa kuanzia mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, imejengwa juu ya miamba ya kale isiyo na visukuku. Pili, historia yake yenyewe imesogezwa nyuma mara kadhaa kila ulipopatikana ushahidi wa aina mpya. Hoja kuu ni kwamba ushahidi wa kwanza huonyesha wakati ambao jambo lilikuwa limekwisha kuwapo. Hauonyeshi wakati lilipoanza.

2.0 Ukimya wa Miamba ya Usambara

Milima ya Usambara ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ambao ni mfululizo wa miamba geu unaopita mashariki mwa Afrika. Takriban miaka milioni 640 iliyopita, mabara yalipokuwa yakigongana na kuungana, miamba hii ilizamishwa kilomita nyingi chini ya ardhi na kupata joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Madini yake yaliundwa upya, ikawa gineisi na granulaiti. Kisukuku hakiwezi kustahimili hali hiyo.

Mtafiti wa visukuku hana budi kuteremka pwani. Huko Tanga, kwenye miamba ya mashapo ambayo haikupata joto la namna hiyo, yalipatikana mabaki ya mtambaazi wa kipindi cha Permi, ambaye Sidney Haughton alimpa jina la Tangasaurus mwaka 1924. Tofauti ya Tanga na Vuga haithibitishi kwamba uhai ulikuwapo huku na kukosekana kule. Wakati miamba ya Usambara inageuzwa, uhai ulikuwa umekwisha kuwapo duniani kwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Kilichokosekana Vuga ni hifadhi ya kumbukumbu.

3.0 Madai ya Ukale na Upingwaji Wake

Charles Darwin alilitambua tatizo hili mwaka 1859. Miamba iliyotangulia kipindi cha Kambri ilionekana kuwa tupu, naye akaeleza kuwa kumbukumbu ya miamba ina mapengo makubwa. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walitangaza visukuku vya vijiumbe kutoka miamba ya Gunflint, Kanada, yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Tangu hapo tarehe imezidi kurudi nyuma. Huko Pilbara, Australia Magharibi, kuna stromatoliti, yaani matabaka yanayojengwa na vijiumbe, zenye umri wa takriban miaka bilioni 3.48. Wataalamu wengi wanazikubali.

Nyuma ya hapo ndipo ubishi unapopamba moto. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walidai kuwa wamepata stromatoliti za miaka bilioni 3.7 huko Isua, Greenland. Miaka miwili baadaye Abigail Allwood na wenzake walijibu kwamba maumbo hayo yangeweza kutokana na kukunjwa na kubanwa kwa miamba. Mwaka 2015 Elizabeth Bell na wenzake walieleza kuhusu kaboni iliyofungiwa ndani ya punje ya zirikoni yenye umri wa miaka bilioni 4.1. Uwiano wa isotopu zake unafanana na ule wa kaboni itokanayo na viumbe, ingawa michakato isiyo ya uhai nayo huweza kutoa uwiano wa namna hiyo.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54. Tukiukubali ushahidi wa Pilbara peke yake, uhai ulitokea ndani ya takriban miaka bilioni moja ya mwanzo. Tukiikubali zirikoni, muda huo unapungua chini ya nusu. Hata hivyo, miamba ya zaidi ya miaka bilioni nne karibu yote imeyeyuka, imemomonyoka au imegeuzwa, kama ilivyogeuzwa ile ya Usambara.

4.0 Mfano wa Vuga

Kwa maandishi ya Wazungu, Vuga inaingia katika historia mwaka 1848, Johann Ludwig Krapf alipofika kwa Kimweri ye Nyumbai. Masimulizi yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemed bin Ali Liajjemy katika Habari za Wakilindi yanaturudisha kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 18. Lakini masimulizi hayo ni ya ukoo uliotawala. Vigae vya mtindo wa Kwale vilivyopatikana katika milima hii ni vya milenia ya kwanza BK, na vinaonyesha kuwa watu waliishi hapa karne nyingi kabla ya Mbegha kupewa utawala.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Kigae hakimwachii mtafiti shaka kwamba kilifinyangwa na binadamu, ilhali umbo la Isua laweza kuwa kazi ya mgandamizo tu. Kwa hiyo mapengo ya kumbukumbu hayampi mtu ruhusa ya kupokea kila dai la ukale. Yanamtaka apime kwanza kama kuna chanzo kingine kinachoweza kuzaa alama ileile.

5.0 Hitimisho

Kauli kwamba uhai ulianza miaka bilioni 3.5 iliyopita ina kasoro ileile iliyomo katika kauli kwamba historia ya Usambara ilianza na Mbegha. Zote mbili zinachukua mwisho wa kumbukumbu kuwa mwanzo wa tukio, na ile ya pili inawafuta wakulima na wafinyanzi waliotangulia ufalme. Kauli sahihi ni kwamba uhai ulikuwapo kufikia wakati huo, na huenda ulitangulia sana. Kwamba ulitokea mapema katika umri wa dunia ni jambo lililothibitika. Kwamba ulitokea kwa wepesi ni dai jingine, ambalo mfano wa sayari moja hautoshi kulithibitisha.