Bustani ya Monticello na Baridi Isiyo na Ahadi

Mkulima wa nchi yo yote huogopa jambo moja kuliko mengine, nalo ni kutia mbegu ardhini kwa tumaini, kisha mbingu zikageuka. Sisi hutazama mawingu tukingoja mvua. Katika nchi za kaskazini watu hungoja joto. Huko mwaka una majira manne, na baada ya miezi ya baridi kali huja majira ya kuchipua, tangu Machi hata Mei, ndipo miti hutoa majani mapya na watu huanza kupanda. Walakini majira hayo ni kigeugeu. Juma moja jua huwaka hata watu huvua makoti; juma la pili huanguka sakitu usiku, yaani unyevu wa hewa ulioganda ukawa barafu nyeupe juu ya majani, na jua likipanda miche huonekana myeusi kama iliyounguzwa na moto. Wenzetu wa nyanda za juu za Njombe waijua sakitu, maana huwajia katika miezi ya Juni na Julai.

Nataka kueleza habari za bustani moja katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani. Naichagua hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake ziliandikwa kwa miaka mingi. Pili, mikono iliyoilima ilikuwa hasa ya watu wa asili ya Afrika, ingawa kitabu kilichoandikwa hakikuwa chao.

Mwenye shamba alikuwa Thomas Jefferson, aliyezaliwa mwaka 1743, akawa Rais wa tatu wa Marekani tangu 1801 hata 1809. Nyumba yake aliijenga juu ya kilima kiitwacho Monticello. Mwaka 1766, tarehe 30 Machi, alianza kuandika katika daftari mambo ya bustani, na neno la kwanza aliloliandika lilikuwa habari ya ua lililoanza kufunguka siku ile. Akaendelea hivyo mpaka mwaka 1824. Aliandika siku mbegu ilipopandwa, siku ilipochipua, na siku mboga ilipoletwa mezani. Na mbegu ikifa, aliandika vile vile kwamba imekufa. Wahenga walinena, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Bwana huyu alitambua kwamba hata hasara ikiandikwa huwa mali, kwani humfundisha mtu.

Hasara ilimpata kweli. Mwaka 1774, tarehe 4 Mei, watu waliona theluji juu ya milima iliyo upande wa magharibi. Kesho yake, tarehe 5, ikaja sakitu iliyoharibu karibu kila kitu. Ngano ikafa, mahindi yakafa, na miche mingi ya tumbaku ikafa; majani ya miti yakakauka, hata miti michanga ya mwituni haikusalimika. Fikirini: mwezi wa Mei, wakati kila mtu alipodhani kwamba baridi imekwisha pita! Lakini Jefferson akaandika jambo moja la ajabu. Juu ya kilima chake matunda yaliyokufa yalikaribia nusu tu, na kabla ya siku ile hapakuwa na tunda hata moja lililopata kuuawa na sakitu pale juu.

Kwa nini kilima kiliponea kuliko bonde? Mtu angedhani kwamba palipoinuka ndipo penye baridi zaidi. Lakini usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake, na hewa iliyo karibu nayo hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Basi huteremka polepole kama maji, ikajikusanya bondeni, na huko ndiko sakitu hukaa. Katika kitabu chake juu ya nchi ya Virginia, kilichopigwa chapa Paris mwaka 1785, Jefferson alieleza kwamba alipata kuona sakitu ikiua miti ya mwituni iliyouzunguka mlima, na hali maua mororo ya miti ya matunda juu ya kilele hayakudhurika. Akasema kwamba kwa muda wa miaka 40 matunda yote yaliharibika pale juu mara mbili tu.

Kwa hiyo alipotaka kujenga bustani kubwa ya mboga katika miaka ya 1806 hata 1809, hakuiweka bondeni. Aliiweka ubavuni mwa kilima, upande unaoelekea kusini na mashariki, mahali ambapo jua la asubuhi hufika mapema. Udongo ukachimbwa na kusawazishwa ukawa kama daraja moja la ngazi, urefu wake futi 1,000 na upana wake futi 80, nao ukategemezwa na ukuta mkubwa wa mawe. Ukuta huo hupokea joto la jua mchana, na usiku hulitoa kidogo kidogo. Kazi hiyo yote ya sululu, koleo na mawe ilifanywa na watumwa.

Hata hivyo mahali pazuri hapatoshi, kwani sakitu ina hila nyingi. Njia ya pili ilikuwa kutoitia mbegu yote ardhini kwa siku moja. Jefferson aliandika kanuni ya mboga ya saladi: ipandwe kila Jumatatu asubuhi, tangu tarehe 1 Februari hata tarehe 1 Septemba, na kila mara mbegu ya kujaza kastabani tu, kile kikofia kidogo akivaacho mshonaji kidoleni. Tazameni hekima ya jambo hili. Baridi ikiua mbegu ya Jumatatu hii, imeua kastabani moja. Ya Jumatatu ijayo ingali mfukoni. Vivyo hivyo alijaribu aina nyingi sana za mboga, ili moja ikishindwa nyingine isimame.

Majirani nao walishindana. Ilikuwa desturi yao kwamba yeye atakayepata njegere za kwanza za mwaka awaalike wenziwe kuzila. Kwa kawaida mshindi alikuwa jirani mmoja, jina lake George Divers. Jamaa ya Jefferson wamesimulia kwamba mwaka mmoja njegere za Monticello zilitangulia, lakini Jefferson akawakataza watu wa nyumbani wasiseme neno, ili rafiki yake aendelee kufurahi kwamba hashindwi kamwe. Katika mashindano hayo ya upole kila mtu alijifunza kwa mwenzake.

Lakini upo mwaka ambao hakuna hila iliyotosha. Mwezi wa Aprili 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu nyingi, ukarusha juu sana moshi uliouzunguka ulimwengu na kupunguza mwanga wa jua. Mwaka uliofuata, 1816, theluji ilianguka mwezi wa Juni katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, na njaa ikazuka katika sehemu za Ulaya. Virginia ilipatwa na baridi pamoja na ukame. Jefferson, aliyekuwa amepima joto kwa kipimajoto kwa miaka mingi, alimwandikia rafiki yake kwamba Marekani haijapata kuona mwaka kama huo, na kwamba mahindi yake hayatafika theluthi ya kawaida. Watu wa wakati ule hawakujua chanzo chake; habari za mlima ule ziliunganishwa na baridi ile miaka mingi baadaye.

Sasa na tugeukie bustani nyingine, ndogo, ambazo hazikuandikiwa daftari. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, ingawa ndiye aliyeandika tamko la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Watu hao walilima viwanja vyao wenyewe karibu na vibanda vyao, usiku baada ya kazi ya bwana, na siku ya Jumapili. Mtumwa hakuweza kuchagua upande wa kilima, wala kungoja Jumatatu njema. Mbegu yake aliipanda katika saa aliyoachiwa. Hata hivyo bustani zao zilistawi. Twajuaje? Mjukuu wa Jefferson, Anne Cary Randolph, aliandika hesabu za nyumba tangu 1805 hata 1808, na humo yamo majina ya watumwa waliouza matango, kabichi, matikiti, viazi, kuku na mayai kwa jikoni ya bwana wao. Mmoja wao aliitwa Bagwell. Yaani nyumba kubwa yenye bustani kubwa ilinunua mboga kwa watu wa vibandani!

Tena viazi vingine viliuzwa Desemba na Februari, wakati wa baridi kali. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mashimo chini ya sakafu za vibanda pale Monticello, ambamo watu walihifadhi vyakula na vitu vyao. Chini ya ardhi sakitu haifiki. Akiba haiozi, yeye aliye na kiazi shimoni aweza kuvumilia majira ya kuchipua yanayochelewa.

Mkuu wa kazi ya bustani ya bwana alikuwa Wormley Hughes, mtumwa aliyezaliwa mwaka 1781. Alipanda mbegu, maua na miti ambayo Jefferson aliisifu katika barua zake. Jefferson alipokufa tarehe 4 Julai 1826, Wormley ndiye aliyechimba kaburi lake. Mwezi wa Januari 1827 watumwa wa shamba, watu 130, walitangazwa kuuzwa mnadani, nao mke wa Wormley na watoto wake wakawamo miongoni mwa waliouzwa. Mtu huyu alijua kuulinda mche na baridi ya usiku mmoja. Jamaa yake hakupewa uwezo wa kuwalinda.

Basi, wasomaji, habari hizi zatufundisha nini? Hakuna mtu aliyeweza kuyaamuru majira, si Rais wala mtumwa. Waliofaulu walichagua mahali kwa kutazama, waligawa mbegu zao, waliweka akiba, na walikumbuka miaka iliyopita. Lakini maarifa ya Jefferson twayasoma mpaka leo kwa sababu aliyaandika, na maarifa ya Bagwell twayaokota katika hesabu za matango na mayai. Wako wazee vijijini mwetu wajuao bonde lipi hupoa kwanza, na mbegu ipi huvumilia. Kijana ajuaye kusoma na aketi nao, achukue daftari, aandike siku, mbegu, na matokeo yake, hata yakiwa hasara. Tena asisahau kuandika jina la mzee aliyemwambia.